Pambizo la Kushoto

Mzee Kobelo alikohoa kidogo, na ukuta mzima wa sebuleni ukawaka.

Haukuwaka kama taa. Uliwaka polepole, kama maziwa yanavyosambaa ndani ya chai, mpaka kioo chote kutoka sakafuni hadi darini kikawa ukurasa mmoja mkubwa unaosubiri.

"Karani, andika," alisema mzee. "Leo wingu limeuvaa mlima mpaka kiunoni. Magari ya kamba yameshuka na kabichi, halafu moja limeshuka tupu, sijui dereva wake alikuwa anawaza nini. Nimekunywa uji. Uji ulikuwa na chumvi, lakini mpishi hakubali."

"Chumvi umeitia mwenyewe ukidhani ni sukari!" alijibu Bi Mwamvita, mkewe, kutoka jikoni.

"Karani, andika pia kwamba mpishi ana mdomo."

Maneno yakajitokeza kiooni moja baada ya jingine, na lile la mdomo halikukosa.

Huyo ndiye karani-kioo, ambaye watu wa Morogoro ya wakati huo hawakujua tena kuishi bila yeye. Ukisema, anaandika. Ukimuuliza ulisema nini mwaka juzi, anakuletea. Ukinyamaza, naye ananyamaza. Mji ulikuwa na mashine za kufagia barabara na vindege vya kuleta unga mlangoni, ila hivyo watu walikwisha kuvizoea, wakaviona vikipita kama wanavyoona kuku wa jirani. Karani walimpenda. Na Mzee Kobelo alimpenda kupita wote, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya na kushusha mboga kutoka milima ya Uluguru. Dereva wa gari la kamba akifika chini hashuki mpaka aeleze safari yake: upepo ulipiga wapi, waya ulilia wapi. Mzee alistaafu, mdomo ukakataa kustaafu.

Aliyemvisha karani wa nyumba hiyo alikuwa mjukuu wao, Semeni, binti wa Rukia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, fundi wa mavazi ya karani, na aliishi na babu na bibi yake tangu alipopata ajira mjini.

Mtu asishangae kusikia karani ana mavazi. Watengenezaji walijua tangu mwanzo kwamba maneno ni kitu kimoja na sura ya maneno ni kitu kingine. Mvishe mtu kanzu, mvishe kaptula, mtu ni yuleyule. Karani alitoka kiwandani amevaa nguo moja kwa nyumba zote, nyeupe na kijivu, herufi nyembamba kama sindano. Asiyeipenda aliandikiwa ukili. Waliokaa na wasusi wanaufahamu ukili: ule utepe mrefu wa miyaa unaosukwa peke yake, kisha ukashonwa na wenzake mpaka mkeka ukatimia. Mafundi wa kwanza wa kazi hii wengi walilelewa na wasusi, wakalichukua jina hilo. Ukili mmoja hubeba agizo moja. Huu unasema vichwa vya habari viwe vya zambarau. Ule unasema mistari iachane kidogo ipate hewa. Mwingine unasema tarehe zikae ndani ya kisanduku. Unaufungua na kuufunga kama dirisha, na maneno yenyewe hayaguswi hata moja.

Basi karani wa Mzee Kobelo alikuwa mrembo kuliko wote mtaani. Wajukuu wengine hupeleka maandazi. Semeni alipeleka kili.

"Mke mdogo," babu alikuwa akimwambia, maana ndivyo babu anavyomwita mjukuu wake wa kike, "nguo hii ya karani imenichosha. Hebu nitafutie ya rangi ya mchicha."

"Mchicha mbichi au uliopikwa, Babu?"

"Uliopikwa na mtu anayejua kupika. Usimwangalie yule wa jikoni."

Na Bi Mwamvita alikuwa akipita na sinia lake akisema, "Mke mwenzangu, usimdekeze huyo. Akimaliza karani atataka na mimi nibadilishwe rangi."

Hivyo ndivyo walivyoishi, mpaka siku kiharusi kilipomkuta mzee bafuni.

Hakikumchukua. Alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo, akili yake nzima, matani yake mazima. Lakini siku ya kwanza tu mezani alisukuma sahani akasema, "Mama Rukia, siku hizi tunakula kidogo hivi? Ndiyo adhabu ya kuugua?"

Semeni alitazama sahani. Nusu ya kulia ilikuwa nyeupe, imesafishwa. Nusu ya kushoto ugali ulikuwa umekaa vilevile, na mboga yake, haujaguswa. Bi Mwamvita alishika sahani akaizungusha.

"Haya," alisema mzee kwa furaha. "Kumbe mlikuwa mmeficha."

Daktari alikuwa amewaeleza. Macho ya mzee hayana ubovu. Ni ubongo uliosahau kwamba kuna upande wa kushoto. Haoni giza upande ule, wala haoni ukungu; kwake yeye upande ule haupo, kama vile wewe usivyoona nyuma ya kisogo chako na usivyolalamika kwamba huoni. Dawa yake ni moja, alisema daktari, nayo ni kumfundisha kuutafuta. Mkae kushoto. Mumwite kutoka kushoto. Atachoka, atakasirika, atawatukana. Msikate tamaa.

Bi Mwamvita akahamisha kigoda chake siku hiyohiyo. Akakiweka kushoto mwa kiti cha mzee, mbele kidogo, na kazi zake zote akazileta pale: kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kushona vifungo.

Aliyeumia zaidi alikuwa karani. Mzee aliposema "soma," mistari ilikuja, naye alisoma mwisho wa kila mstari peke yake. Maneno hayakufuatana. Alijaribu tena, akajaribu tena, kisha akapiga fimbo sakafuni.

"Karani huyu mwizi! Nimemwambia mambo mengi, ananirudishia makapi."

"Babu, geuza shingo kidogo. Maneno yanaanzia kule."

"Kule wapi? Mke mdogo, na wewe umeanza kunifanya mtoto?"

Akaacha kuandika. Mtu aliyeeleza mawingu kila asubuhi sasa alikaa kimya mbele ya kioo cheusi, na ukimya wake ulijaa nyumba nzima. Bi Mwamvita alimwita kutoka kushoto mara kwa mara, "Baba Rukia, tazama huku," na mara moja moja shingo yake ilisogea kidogo, kama mlango wenye kutu, halafu ikarudi.

Semeni hakuweza kuvumilia. Alikaa kazini akaandika ukili mfupi kabisa, ambao hata mwanafunzi angeuandika. Ulisema: pambizo la kushoto, nusu ya kioo na zaidi, maneno yote yakae kulia, herufi ziwe nene. Basi.

Aliufungua mchana, mzee akiwa amesinzia kitini. Alipoamka na kukohoa, karani aliwaka, na maneno yote yalikuwa yamejibana upande mmoja kama abiria wanaokimbia mvua.

Mzee alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akarudia wa kwanza.

"Yote yapo," alisema. "Mama Rukia! Hayakuibiwa. Yote yapo!"

"Nimesikia," alisema Bi Mwamvita, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mke mwenzangu, leo umenishinda. Mume ni wako."

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha tupu. Mzee alieleza mawingu, akaeleza uji, akaeleza mkasa wa mwaka ule ambao waya wa gari la kamba ulikwama na yeye akakaa angani na magunia ya karoti akiimba asisikie hofu. Semeni, kwa kuona raha hiyo, akaendelea. Aliunganisha ukili wake na mashine nyingine za nyumba. Mkono wa chuma wa kuandalia mezani ukajifunza kuweka chakula chote kulia. Redio ikahamia kulia. Kiti kikajifunza kumgeuza mzee polepole, kila kitu alichokihitaji kiwe upande anaouona. Hakukasirika tena. Hakumwaga kitu. Ofisini kwao, mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe mezani kwa Semeni akamwambia ukili ule utawekwa ndani ya kila karani anayetengenezwa, kwa ajili ya wagonjwa wote wa namna ile, na jina lake Semeni litaandikwa pale. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Bi Mwamvita alimpongeza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, upande uleule, akimenya vitunguu.

Kisha ikaja Ijumaa moja mchana. Walikuwa wote watatu sebuleni, wameshiba, mvua inachungulia mlimani. Semeni alikuwa kulia, amekaa chini akitengeneza fimbo ya babu yake iliyolegea mpini. Bi Mwamvita alikuwa kushoto, anachambua mchele, na angenyoosha mkono angemgusa mumewe goti.

Mzee aliinama kwa Semeni akashusha sauti, kama mtu anayetaka kuuliza jambo la aibu.

"Mke mdogo. Nikuulize kitu, usimwambie mwenzako."

"Uliza, Babu."

"Nimemkosea nini?"

"Nani?"

"Bibi yako. Namsikia tu. Asubuhi namsikia, jioni namsikia, anasema na mimi kutoka jikoni, kutoka huko huko, sijui wapi. Haji kukaa na mimi. Zamani alikuwa haondoki hapa, mpaka namfukuza. Sasa hata uso wake nimeanza kuusahau. Kama nilimkosea wakati nilipokuwa naumwa, mtu anatukana akiwa mgonjwa, mwambie anisamehe. Aje akae."

Vidole vya Bi Mwamvita vilisimama ndani ya ungo. Hakuinua kichwa. Chozi likaanguka kwenye mchele, naye akalichambua pamoja na makapi, akaendelea.

Semeni alifungua mdomo. Bibi yake akatikisa kichwa: usimwambie.

Walikutana jikoni baadaye, mvua ikipiga bati.

"Bibi, tangu lini?"

"Tangu ulipomletea ile nguo ya kulia. Kabla ya hapo alikuwa akinipata. Si sana. Mara moja kwa siku, anageuka, ananiona, anacheka kama ameokota kitu. Baadaye hakuwa na sababu ya kugeuka. Kila kitu kinamfuata alipo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemnyang'anya karani wake? Ulimwona siku ile alivyofurahi? Mimi sikuwa na moyo huo."

"Basi hama wewe. Kaa kulia, Bibi. Akuone."

Bi Mwamvita aliweka ungo chini. "Nimefikiria. Siku moja nilibeba hata kigoda. Nikafika katikati ya chumba nikarudi. Nikihamia kule, mke mwenzangu, nimekubali kwamba huku hakuna kitu. Na yeye mwenyewe nusu yake iko huku. Mkono wake uko huku. Nani atakaa nao?"

Semeni alifikiria ukili wake, jinsi ulivyokuwa mfupi na msafi, na jinsi alivyouona kuwa zawadi. Alikuwa amemjengea babu yake dunia ya nusu, akaipamba, akafunga mlango, na bibi akabaki nje.

Kesho yake alimwambia mkuu wa kitengo asiuweke ukili ule kwenye karani yeyote. Mkuu alimuuliza kama anaumwa. Semeni alisema, "Siumwi. Unafanya kazi vizuri mno, ndiyo ubaya wake," na akaomba apewe muda wa kuandika mwingine.

Huo mwingine ulimtoa jasho. Aliweka ukanda mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kioo, mpana kama kiganja, mwekundu wa kuudhi. Juu ya kioo karani ana jicho dogo la kujua msomaji anatazama wapi. Semeni akaagiza kwamba baada ya mstari wa kwanza mwingine usitokee mpaka macho ya msomaji yauguse wekundu ule kwanza. Na maneno yasirukie kushoto yote kwa pamoja, yasogee kidogo kidogo, unywele kwa unywele, kila siku. Kiti akakikataza kugeuka. Mkono wa mezani akaurudishia ujinga wake wa zamani.

Kisha akapiga magoti mbele ya babu yake, upande wa kulia ili amwone.

"Babu, nataka kukufanyia ubaya."

"Ubaya gani tena, mke mdogo?"

"Nakunyang'anya ile nguo ya karani. Nakuletea ngumu. Utanichukia."

Mzee alicheka, akidhani ni matani. Alipokohoa na karani akawaka na mstari mmoja tu, usiosogea, hakucheka.

"Wapi mingine?"

"Tafuta nyekundu, Babu. Iko kushoto."

"Hakuna nyekundu hapa."

"Ipo. Geuka zaidi."

"Nakwambia hakuna! Mama Rukia! Njoo umwone mwenzako alivyoniharibia ukuta!"

"Niko hapa," alisema Bi Mwamvita.

"Uko hapo hapo, huji! Wote wawili nawapa talaka! Karani, andika: wote nimewaacha!"

Karani hakuandika mstari mwingine, kwa kuwa nyekundu haikuguswa. Hilo lilimkasirisha mzee kupita yote.

Zikafuata siku mbaya. Mzee hakutaka karani, hakutaka uji, alimjibu Semeni kwa kuguna. Alikuwa akinyoa ndevu shavu moja tu na kutoka nje hivyo hivyo, na akiambiwa anasema wanamwonea wivu. Safari hii aliyelegea alikuwa Bi Mwamvita. Alimfuata Semeni uani, akamshika mkono.

"Mrudishie, mwanangu. Mimi nimezoea. Mwache mzee wa watu apumzike na maneno yake. Mimi nina nini cha kutazamwa?"

Alikuwa hajamwita mwanangu tangu alipokuwa mdogo, na Semeni alijua kwamba matani yamekwisha na bibi yake anaomba kweli. Alitamani kukubali. Ilikuwa kazi ya kugusa mara moja tu, ukili huu ufunge, ule ufungue.

"Bado, Bibi," alisema. "Kidogo tu."

"Una roho ngumu."

"Nimeitoa kwako."

Kilichomrudisha mzee kwenye karani hakikuwa ushauri wa mtu. Ilikuwa kabichi. Gari moja la kamba lilipita juu ya mtaa likiyumba, mlango wake haukufungwa sawasawa, na kabichi zikaanza kudondoka juu ya mapaa, moja baada ya nyingine, pu, pu, pu, watu wakipiga kelele na kukimbia na ndoo. Mzee aliona yote dirishani. Jambo la namna hiyo dereva wa zamani hawezi kukaa nalo tumboni.

"Karani!" alikohoa. "Andika! Mjinga mmoja leo amesahau komeo la mlango!"

Mstari ukatokea. Akafungua mdomo kuendelea, karani akasubiri.

"Andika, nasema. Kabichi zimeanguka kwa…"

Karani akasubiri.

Mzee alishusha pumzi. Akaanza kugeuza shingo. Semeni, aliyekuwa mlangoni, aliona mishipa ikimsimama. Macho yalisogea juu ya kioo, yakapita maneno, yakafika mahali ambapo kwake dunia ilikuwa ikiishia, yakasita pale kama mtu anayejaribu ngazi gizani kwa mguu. Kisha yakavuka. Yakapata nyekundu. Mstari wa pili ukatokea, lakini yeye hakuuona, kwa sababu shingo ilikuwa imeshika mwendo na haikujua kusimama. Ilipita nyekundu, ikapita ukingo wa kioo, ikashuka, ikakuta kigoda, ungo, kanga, na uso.

Walitazamana.

"Ee," alisema Mzee Kobelo. "Umefika saa ngapi?"

Bi Mwamvita alijibu, "Nilikuwepo."

"Hapo?"

"Hapa."

"Siku zote hizi?"

"Mwanamume, nikaenda wapi?"

Mzee alimtazama kama anayesoma. Alianza na paji la uso, akaja macho, akaja kidevu, polepole, asiruke kitu. "Umekonda," alisema.

"Vitunguu. Nimelia sana kwa vitunguu."

"Na mimi nikadhani umenikimbia."

"Na hiyo sura, ndevu shavu moja, ningekukimbia ungenilaumu?"

Alicheka mpaka akakohoa, na kila alipokohoa karani aliwaka na kuzima, akiwaka na kuzima, asijue anatakiwa kuandika nini. Kisha shingo ikachoka. Semeni aliiona ikichoka. Kichwa kilirudi kulia chenyewe, polepole, kama gari la kamba linalorudishwa na uzito wake, na uso wa mzee ukabaki mtupu, unatafuta.

"Mama Rukia?"

Bi Mwamvita alinyanyua kiganja kumwonya Semeni asiseme, na yeye mwenyewe akanyamaza, mikono imetulia juu ya mchele.

Mzee akasubiri jibu kutoka jikoni. Halikuja. Akakunja uso, akashika mkono wa kiti, na shingo ikaanza safari upya.